Kwa Nini "Sorry" Si "Pole"

Mwaka wa kwanza nilipoanza kufundisha Kiingereza jioni, hapa Arusha, katika chumba kilicho nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, tulipata mgeni. Alikuwa dada mmoja Mwingereza aliyekuja kujitolea, akakubali kukaa nasi saa moja ili wanafunzi wasikie Kiingereza cha mwenyewe. Wakati anaingia akajikwaa kwenye kizingiti. Mkoba ukadondoka, kalamu zikatawanyika sakafuni. Darasa zima, watu kumi na wanne, likaitikia kwa sauti moja: "Sorry!" Yule dada akainua kichwa, akatutazama mmoja mmoja kama anayetafuta nani kamtega, akasema, "Oh, it's not your fault." Jamani, si kosa lenu.

Tukanyamaza. Mama mmoja anayeuza vitenge sokoni, aliyekaa karibu na mlango, akaninong'oneza: "Mwalimu, nani kasema ni kosa letu?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko somo nililokuwa nimeliandaa. Kwenye madaftari ya wale wanafunzi, "sorry" ilikuwa imeandikwa kushoto, pole imeandikwa kulia, na katikati kuna alama ya sawasawa. Alama hiyo ndiyo iliyotuponza. Pole ni neno la kubeba tabu pamoja na mwenye tabu: aliyejikwaa, aliyefiwa, mgonjwa, anayetoka safari, anayelima juani, hata aliyesimama kwenye foleni tangu asubuhi. Anayesema pole hajakiri lolote. Akiwa kakosa, atasema samahani au nisamehe. Kiingereza kimeyatia yote mawili kapu moja. "Sorry" ina undugu na "sore", neno la kidonda na maumivu, na hapo kale aliyelitamka alikuwa anasema kwamba anaumia. Ukiumia kwa lililompata mwenzako, hiyo ni pole. Ukiumia kwa ulilomtendea, hiyo ni samahani.

Lakini neno hilo likisimama peke yake, na mtu ndiyo kwanza kajikwaa mbele yako, sikio la Mwingereza huegemea upande wa samahani. Ili liwe pole linataka mkia. Ukiambiwa mtoto anaumwa: "Sorry to hear that." Msibani: "I'm so sorry for your loss." Kwa aliyejikwaa wao huuliza tu, "Are you all right?" Na pole na kazi? Hapo hakuna kitu. Mtu anapita, mwenzake anatokwa jasho na jembe mkononi, na Kiingereza kinapita kimya, labda "hello".

Watu wengi waliopita sekondari zetu wanaamini kinachowashinda kwenye Kiingereza ni maneno makubwa. Naona ni kinyume. Shule za msingi za serikali Tanzania zinafundisha kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja miongoni mwa mengine. Mtoto akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Kwa hiyo anakutana na "photosynthesis" kabla hajajua kuomba apitishiwe chumvi. Atalikariri, atalijibu kwenye mtihani, na miaka kumi baadaye bado analo. "Photosynthesis" ni neno jepesi! Lina maana moja, halina vituko, na linakaa kitabuni likikusubiri. Magumu ni yale ya herufi tatu: "get", "run", "set", "off". Kamusi kubwa ya Oxford, katika toleo lake la pili la 1989, ililipa "set" maana zaidi ya mia nne. Hakuna aliyezikariri, hata huko kwao. Wamezipata jikoni, uwanjani na kwenye basi.

Mgawanyiko huo wa makubwa na madogo una historia yake. Mwaka 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na kwa vizazi kadhaa wakubwa wa nchi walizungumza Kifaransa, kanisa na wasomi wakiandika Kilatini, huku mkulima akibaki na lugha ya mama yake. Ndiyo maana mnyama akiwa zizini ni "cow", "sheep" au "pig", majina ya waliomchunga, na akifika mezani anakuwa "beef", "mutton" na "pork", majina yaliyotoka kwa waliomla. Sisi tunasema nyama ya ng'ombe, nyama ya mbuzi, basi, yameisha. (Kitimoto, jina la mtaani la nyama ya nguruwe, ni habari nyingine, na lilizaliwa kwa sababu nyingine.) Kuuliza nako kuna ngazi: "ask" ni la wenyeji, "question" lilipitia Kifaransa, "interrogate" limechotwa kwenye Kilatini. Mama yako atatumia la kwanza, polisi la mwisho. Mswahili hana haki ya kushangaa. Sisi wenyewe tunahesabu mpaka tano kwa Kibantu, sita na saba tunakwenda Uarabuni, nane tunarudi nyumbani, tisa tunaondoka tena.

Sasa shule ilitupatia maneno ya watawala, ikasahau ya wakulima. Matokeo yake ni Kiingereza kinachotembea na tai wakati wenzake wamevaa kandambili. Abiria wa Nairobi anamwambia kondakta, "I will alight at the next stage," yaani nitashuka kituo kinachofuata. Hajakosea sarufi hata kidogo. Ila "alight" Mwingereza huliona kwenye matangazo ya treni. Mdomoni husema "get off". Na "stage" kwake, siku hizi, ni jukwaa la maigizo. Kwa hiyo anamwona huyu ndugu yetu akitua jukwaani kama njiwa. Nairobi hakuna tatizo, wote wanaelewana. Tatizo linaanza Manchester.

Rudi kwenye lile daftari la safu mbili. Siku moja kijana mmoja wa darasa langu, shabiki wa mpira kupindukia, aliandika: "Yesterday our team was closed." Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu alikuwa ametumia akili. Alitaka kusema timu yetu ilifungwa. Funga, daftari linasema, ni "close". Lakini tazama mzigo ambao funga imebeba kwa Kiswahili. Unafunga mlango, na Kiingereza kinataka "close" au "shut". Ukiufunga kwa ufunguo, "lock". Mbuzi kwa kamba, "tie". Mkanda wa gari, "fasten". Zawadi kwa karatasi, "wrap". Bao, "score". Mwezi wa Ramadhani, "fast". Mwizi kafungwa miaka miwili, huyo ni "jailed", na timu iliyofungwa imekuwa "beaten" au, kwa kifupi cha uchungu, "we lost". Neno moja la Kiswahili, milango tisa ya Kiingereza, na hakuna ufunguo mmoja unaoifungua yote.

Piga ni mbaya zaidi. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga hodi, na katika yote hayo hakuna aliyeumizwa. Kwa Kiingereza simu unaifanya, "make a call". Picha unaichukua, "take a picture". Pasi, kupiga kura na kupiga magoti kila kimoja kina kitenzi chake: "iron", "vote", "kneel". Meno yanasuguliwa kwa "brush", sakafu kwa "mop". Nao wana piga yao wenyewe, jina lake "take". Basi wanali-take, sisi tunalipanda. Dawa wanai-take, sisi tunaimeza au tunainywa. Kuoga kwao ni "take a shower", kukaa ni "take a seat", na hakuna kinachobebwa kwenda popote. Mtu aliyekariri kwamba "take" ni chukua atamsikia daktari akisema "take two of these" na kuweka vidonge mfukoni.

Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliliweka jambo hili vizuri mwaka 1957 alipoandika kwamba neno unalijua kwa wale linaoandamana nao. Wahenga wetu wangemwelewa mara moja, maana hata mtu tunamjua hivyo. Kwa mwanafunzi maana yake ni hii: usiandike "picture". Andika "take a picture". Usiandike "mistake", andika "make a mistake", kwa sababu siku utakapolihitaji utajikuta unasema "do a mistake", na sababu ya kukosea ni kwamba ulilichukua neno bila ndugu zake.

Kusikia kuna mtego wa aina yake. Mswahili anasikia sauti, anasikia baridi, anasikia njaa, anasikia harufu ya vitunguu vikiungua, na kule Kongo atakuuliza kama unasikia Kiswahili, akimaanisha unakielewa. Kwetu sikio ni mlango wa karibu kila kitu kinachoingia mwilini isipokuwa kwa macho. Kiingereza kimeajiri walinzi tofauti: sauti "hear", baridi "feel", harufu "smell", lugha "understand". Njaa haina hata mlinzi. Unakuwa njaa yenyewe, "I'm hungry". Ndiyo maana "I am hearing cold", inayosikika sana kwetu, humfanya mgeni atege sikio akidhani upepo unavuma.

Na si kwamba Kiingereza daima ndicho kinachogawa na sisi ndio tunaojumlisha. Kwenye ukoo mambo yamegeuka. Mwambie Mwingereza una mjomba, baba mdogo na baba mkubwa, atakwambia una "uncles" watatu. Shangazi, mama mdogo na mama mkubwa wote atawaita "aunts". Wanafunzi wangu huona huu ni umaskini wa lugha, na baadhi huwahurumia Waingereza kwa kutomtambua mjomba. Ukifukua chini, hata hivyo, unakuta jambo la kupendeza. "Uncle" imetokana na neno la Kilatini avunculus, ambaye hakuwa ndugu yeyote tu wa mzazi. Alikuwa kaka wa mama. Mjomba hasa! Wa upande wa baba Warumi walimwita patruus. "Aunt" nayo imetoka kwa amita, dada wa baba, yaani shangazi. Waingereza wa kale, kabla ya Wanormani, nao walikuwa na majina mbalimbali kwa kaka wa mama na kaka wa baba. Kisha desturi zikabadilika, tofauti zikapoteza kazi, na majina ya mjomba na shangazi yakabaki yakiwafunika wote. Nikishawasimulia hivyo darasani, hakuna anayesahau "uncle" tena.

Mkono na mguu vinakwenda upande mwingine, na nitavipitia haraka. Mkono wetu ni "hand" mpaka kwenye kifundo cha mkono na "arm" kuanzia hapo kwenda juu. Mguu ni "foot" chini, "leg" juu. Kidole cha mkononi ni "finger", cha mguuni "toe". Usimwambie daktari umevunjika "foot" ikiwa ni paja.

Kuna kundi jingine ninaloliogopa kuliko yote: maneno tuliyoyakopa Kiingereza, tukayalea wenyewe, kisha tukataka kuwarudishia wenyewe kama tulivyoyachukua. Hoteli ni mfano wa kila siku. Mtu anasema tukale hotelini, pale penye ugali, maharage na meza ya plastiki. Akimwambia Mwingereza "let's go to a hotel", akiwa ni mtu wasiyezoeana, anaweza kupigwa kofi. Kipilefti, ule mzunguko wa barabarani, ni amri iliyogeuka jina: kibao kilisema pita kushoto, sisi tukaita mahali pote hivyo, na Mwingereza mwenyewe anapaita "roundabout". Kichen pati kwetu ni shughuli nzito ya akina mama kumfunda bibi harusi na kumjazia vyombo. Kwake ni watu wachache wamesimama jikoni na bia. Sendofu ndiyo hatari. Kwa Mtanzania ni sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, yenye kamati, michango na mshereheshaji. Kwa Mwingereza "send-off" inaweza kuwa ya yeyote anayeondoka, na mara nyingi ni ya marehemu: "we gave him a good send-off" husemwa watu wakitoka mazikoni. Sasa mwandikie mwenzako wa London kwamba wikendi hii mna "send-off" ya dada yako, uone atakavyokujibu kwa upole.

Na safari? Hiyo ni yetu, ingawa mzizi wake ni wa Kiarabu, na Waingereza ndio walioikopa katika karne ya 19 wakaibana mpaka ikabaki ya simba na twiga. Ukisema "I'm going on safari" kwa kuwa unakwenda Dodoma kufuatilia barua ya uhamisho, watakuuliza kama utaona tembo.

Mpaka hapa nimekaa kwenye maana za kamusi, lakini kuna maana ambazo haziko kwenye neno lolote. Ziko kwenye zamu ya kusema. Chukua ndiyo na hapana. Mama anakuuliza, "Hujala?" Wewe hujala. Unajibu, "Ndiyo," kwa maana ya umesema kweli, sijala. Kiswahili kinajibu kauli ya muulizaji. Kiingereza hakimjali muulizaji, kinajibu tumbo lako: kama hujala, jibu ni "No", hata swali likiwa limekanushwa mara ngapi. "Haven't you eaten?" "No, I haven't." Nimewaona watu wanaoongea Kiingereza cha kuringia wakiteleza hapo hapo, na mwenye nyumba akaondoa sahani kwa sababu mgeni kasema "yes".

Ndugu yake ni "Do you mind?" Kwenye basi la watalii mtu anakuuliza, "Do you mind if I open the window?" Wewe, kwa ukarimu wote wa Kiswahili, unatabasamu na kusema, "Yes, yes!" Umemkatalia. Swali lilikuwa kama litakukera, nawe umesema litanikera, tena mara mbili, tena kwa tabasamu. Jibu la kumruhusu ni "No, not at all", au "Go ahead" kwa anayeogopa kuchanganya.

Asante nayo ina pande mbili. Ukikaribishwa chai na ukaweka mkono kifuani ukasema asante, mara nyingi umekataa kwa heshima. Mwenyeji atasisitiza kidogo, kisha atakuacha. "Thank you" yenyewe tu inapokea. Anayekataa anatakiwa aanze na "no". Nimeshakunywa vikombe vya kahawa nisivyovitaka kwa ajili ya hilo.

Saa sihitaji kuieleza sana, kila mtu ana kisa chake. Mwanafunzi wangu mmoja, aliyekuwa anatafuta kazi ya kubeba mizigo ya wapanda mlima, aliambiwa afike "at two". Akafika saa mbili asubuhi, akakaa chini ya mti mpaka saa nane mchana, akiwalaani Wazungu kwa kutojali muda.

Halafu kuna "I'm coming". Sisi huondoka huku tukisema nakuja, na kila mtu anaelewa kwamba nitarudi. Mwingereza anamwona mtu anampa mgongo, anatokomea kwenye kona, huku akiapa kwamba anakuja. Anachotarajia kusikia ni "I'll be right back". Tofauti hii ya mwelekeo ndiyo pia inayotutesa kwenye "borrow" na "lend". Kiswahili kina kopa na kopesha, mzizi mmoja ulioongezewa mkia. Na azima husemwa pande zote, niazime na naazima. Kiingereza kimeweka maneno mawili yasiyofanana hata herufi, ndiyo maana tunasema "borrow me your pen". Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kutofundisha maana kabisa. Ninawapa sentensi mbili tu, "Can I borrow your pen?" na "Can you lend me your pen?", na kalamu inazunguka darasani kila mmoja akiiomba kwa mojawapo mpaka mdomo uzoee.

Hapo kwenye mikia ndipo ninapowaambia wanafunzi wasikate tamaa na vile vitenzi vyenye vineno nyuma. Wanalalamika: "look" ni tazama, sawa, lakini "look for" ni tafuta, "look after" ni tunza, "look down on" ni dharau, "look forward to" ni kungoja kwa hamu. Wazimu gani huu? Nawauliza, mgeni anayejifunza Kiswahili anasemaje akikutana na funga, fungua, fungia, fungana, fungwa, fungika, fungulia? Sisi tunashona badiliko ndani ya neno lenyewe, wao wanalipachika nyuma kama tela. Kazi ni moja. Na kama vile mtoto wa Kiswahili hakufundishwa kanuni ya fungulia, bali aliambiwa "kamfungulie babako mlango" mpaka ikaingia, ndivyo tela za Kiingereza zinavyoingia. Orodha ya vitenzi mia tano vya namna hii haijamsaidia mtu ninayemjua.

Sikio nalo lina deni lake. Kiswahili kina irabu tano, safi, kila moja mahali pake. Kiingereza kinazo zaidi ya maradufu, kwa hiyo "hat", "hut", "heart" na "hurt" zikifika kwetu zote zinavaa sare moja. Kofia, kibanda, moyo, kuumia. Darasani tunacheza: mmoja anatamka, mwenzake anagusa kichwa, anaonyesha paa, anagusa kifua au anakunja uso. Kicheko kinafundisha kuliko mimi.

Watu huniuliza wanahitaji maneno mangapi. Mwaka 1953 mwalimu Mwingereza Michael West, aliyekuwa amefundisha Bengal, alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 aliyoyaona ndiyo ya lazima, na hadi leo hayo ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya kawaida. Paul Nation wa New Zealand alikadiria mwaka 2006 kwamba kufuata mazungumzo bila kamusi, ukiwa karibu hukwami, kunataka familia za maneno kati ya 6,000 na 7,000, na kusoma magazeti na riwaya 8,000 hadi 9,000. Familia, si neno moja moja: "teach", "teacher" na "teaching" zinahesabiwa nyumba moja. Tarakimu hizo huwatisha watu. Mimi huwaambia waanze na zile 2,000, tena wazijue kwa undani, kwa sababu aliyeijua "get" kwa pande zake kumi anazungumza, na aliyekariri maneno adimu kumi anafanya mtihani.

Basi daftari la safu mbili nililifuta. Ninachowadai sasa ni daftari la sentensi, na kila sentensi iwe imesikika kweli, iwe na nani kasema, kamwambia nani, wakiwa wapi. Wiki moja tunakaa jikoni tu: sufuria, mwiko, ndoo, beseni, ufagio, "turn off the gas", "it's boiling over". Hapo ndipo watu wenye vyeti vya kidato cha nne wanapogundua kwamba hawajui mwiko unaitwaje. (Wao hawana neno lake hasa, husema kijiko cha mti, "wooden spoon".) Wiki nyingine tunakaa kwenye basi. Redio husaidia, na filamu pia ukiziba maandishi ya chini. Lakini sentensi inayokaa ni ile iliyokupata ukiwa na shida nayo.

Yule mama wa vitenge ndiye mwenye daftari bora mpaka leo. Ukurasa mmoja alinionyesha mwezi uliopita. Mtalii alisimama kwenye meza yake, akashika doti la buluu, akaambiwa elfu thelathini. "Can you do it for twenty?" akauliza. Mama akasikia "do", akakumbuka fanya, akadhani anaulizwa kama anashona. Akajibu, "No, I don't make. I only sell." Yule mtalii akacheka, akaonyesha vidole viwili, na mwenye meza ya jirani, mzoefu wa miaka, akaitikia kwa niaba yake: "Twenty-five, that's the lowest she can go."

Chini ya sentensi hiyo mama ameandika kwa kalamu nyekundu: "go" hapa hakuna anayekwenda popote, ni bei. Na "do" si kufanya, ni kupunguza. Kisha, pembeni, kwa herufi ndogo: doti nne Jumamosi, zote elfu ishirini na tano.